Dozi Waliyosema Nimemaliza

Harufu ya beseni la plastiki lililoanikwa juani, hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Wenzangu wakikaa kukumbuka utoto wao utawasikia wanasifia udongo baada ya mvua, mara mahindi ya kuchoma, mara maziwa mgando kwenye kibuyu cha bibi, utadhani walilelewa peponi. Mimi nakumbuka beseni. Lilikuwa jekundu, limepasuka ukingoni, mtu akalishona kwa uzi wa nailoni, na kila mtoto aliyelazwa wodi ile alikuwa na la kwake chini ya kitanda. Likioshwa na kuwekwa nje likapata jua la saa saba linatoa harufu ya sabuni ya kipande, matapishi na plastiki ya moto, vyote pamoja. Mpaka leo nikipita Kashaulili, hapa mjini Mpanda, pale wenye maduka wanapopanga mabeseni mapya barazani, nashika pua na kuvuka upande wa pili. Wanasema yule mama ana maringo. Waendelee kusema.

Sina shule ya kujivunia. Nilifika darasa la tatu, ugonjwa ukanitoa, na niliporudi nimekuwa mkubwa kuliko dawati nikaona haya. Nina wajukuu wanne na hamsini sijaifikia, maana kwetu tulianza mapema. Ninachoandika hapa ni cha miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka kumi au karibu na hapo. Baba alikuwa ameswaga ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka kijiji cha Litapunga akitafuta malisho, sisi tukafuata nyuma na masufuria. Tulikuwa Wasukuma wachache katikati ya watu wengine, tukalima mpunga, tukakausha michembe ya viazi juu ya mwamba, na baba akajiona mtu mkubwa kwa sababu hapakuwa na wa kumbishia. Hapo ndipo shavu langu la kushoto lilipoanza kuvimba.

Lilianza kama mtoto aliyeficha karanga shavuni akasahau kuitafuna. Halikuuma. Mama akalikanda kwa maji ya chumvi. Baada ya wiki mbili lilikuwa limejaa kama yai, na meno ya upande ule yakaanza kucheza, nikiyasukuma kwa ulimi yanakwenda na kurudi. Sasa katika soko la Mpanda alikuwepo mtu mmoja aliyejiita dokta. Jina lake silitaji, ingawa alishakufa na hakuna wa kunishitaki. Watu walimwita Dokta Koleo. Alikuwa na kiti cha mbao, chupa ya spiriti, koleo la kung'olea misumari, na mizizi iliyosagwa ndani ya vikopo vya maziwa ya watoto. Shangazi yangu Kabula, dada yake baba, alimwamini mtu huyu kuliko padri. Sisi shangazi tunamwita sengi, na sengi huyu alikuwa na sauti ya kutosha nyumba tatu. Akamwambia baba, "Huyo mtoto ana mdudu wa jino. Mpeleke kwa Dokta, kesho atakuwa anacheka." Baba akanipakia kwenye baiskeli.

"Fungua mdomo, binti," Dokta Koleo akasema. Akachungulia akiwa bado anatafuna muwa. "Aa! Huyu mdudu ni dume. Mzee, ungechelewa wiki moja angefika kwenye ubongo." Basi akang'oa meno mawili mazima, hayakuwa na tundu hata la sindano. Kwenye mzizi wa moja palining'inia kinyama cheupe, akakiinua juu watu wote sokoni wakione. "Huyu hapa! Mnamwona anavyojikunja?" Watu wazima, wenye ndevu, wakasema ndiyo wanamwona. Mimi niliyekuwa na damu mpaka kifuani nilikiona vizuri kuliko wao, na hakikujikunja. Ilikuwa nyama tu. Lakini nani anamuuliza mtoto? Baba akampa kuku, akapewa kikopo cha mizizi ya kupaka, tukarudi nyumbani tukiwa tumetibiwa.

Mwezi haukuisha shavu lilikuwa limepanda mpaka jicho linasukumwa nje. Nilikuwa nalala nimekaa. Sengi akasema sasa huyu amerogwa, wakaanza kutafuta nani alituonea wivu wa ng'ombe, wakakaa vikao. Mama hakukaa kikao hata kimoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, Kiswahili chake kidogo, na hakuwa mtu wa kubishana kwa sababu alisema kubishana na wapumbavu kunamchelewesha kazi. Akanibeba mgongoni, mtoto wa miaka kumi, mpaka hospitali ya mjini. Daktari alinitazama dakika moja akaandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa, mbali, ng'ambo ya Tabora. Baba akauza ndama akinuna. Mama na mimi tukapanda treni.

Huko ndiko nilikosikia neno kansa kwa mara ya kwanza, nikadhani ni jina la mtu. Wakanilaza kitanda kilichotazamana na cha binti wa Kiha kutoka Kigoma, Eliza, wa umri wangu. Yeye alivimba shavu la kulia, mimi la kushoto. Tukilala tukitazamana tulikuwa kama sura moja iliyopasuliwa katikati. Eliza aliuguzwa na bibi yake, mwanamke mcheshi aliyemsalimia kila mtu wodini kwa jina, na ambaye alimgawia mama ndizi siku ya kwanza bila kuulizwa.

Watu wakisikia sindano ya kansa wanadhani inauma inapoingia. Haiumi. Inaingia baridi kwenye mshipa, unahisi kama mtu amekumwagia maji ya kisima ndani ya mkono, halafu mdomo unapata ladha ya msumari. Maumivu si ya sindano, ni ya baadaye. Nesi aliyetushika alikuwa mama mnene mwenye viatu vya kelele, na siku ile alinichukia au mimi nilimchukia, sikumbuki kilichoanza. Aliweka jagi la maji kitandani. "Milembe, kunywa. Ukimaliza kojoa. Ukikojoa kunywa tena. Dawa hii ikikaa kwenye kibofu inakiunguza, utakojoa damu. Umenisikia?" Nikanywa nikatapika. Akajaza jagi tena. "Nimesema kunywa, sikusema tapika." Usiku na mchana. Nilitapika maji, nikatapika nyongo, nikatapika mpaka tumbo likawa linajikamua bure. Mama alishika beseni kwa mkono mmoja na kichwa changu kwa mwingine, na nikimlilia twende nyumbani hakunijibu neno. Nilimwona mama katili. Nilimwona nesi katili. Nilikuwa mtoto mjinga, na ujinga wa mtoto angalau una sababu.

Siku ya tatu mama aliniamsha akanigusa shavu. Akagusa tena. Siku ya nne nilifunga mdomo, meno ya juu yakakutana na ya chini, kitu ambacho sikukifanya kwa miezi miwili. Siku ya sita shavu lilikuwa limelala kama mtu alilitoboa likatoka upepo. Na Eliza vilevile. Bibi yake alipiga vigelegele wodi nzima ikaamka. Kesho yake akafunga mizigo. Nesi akamkimbilia mlangoni na viatu vyake. "Bibi, unakwenda wapi? Hii ni ya kwanza tu, zipo sita!" Bibi akacheka, akamshika nesi mkono kama anayemfariji. "Mwanangu, mtazame. Amepona. Mnamtakia nini tena?" Eliza akanipungia mkono wenye plasta. Nilimwonea wivu, nisiseme uongo. Yeye kapata bibi anayemsikiliza, mimi nimepata mama asiyesikia.

Sisi tuliruhusiwa baada ya siku chache, kwa ruhusa halali. Nesi alimpa mama kadi, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, alichora nyuma yake mistari kwa kalamu. "Mama Milembe, mtoto amemaliza dozi ya kwanza. Kila asubuhi futa mstari mmoja. Ikibaki mitatu uwe kwenye treni." Mama akaificha kadi kifuani. Hayo maneno ya nesi ndiyo aliyoyafikisha nyumbani kama yalivyo, na hapo ndipo upumbavu ulipopata pa kukaa.

Maana kwetu Litapunga dozi ilikuwa moja. Unaumwa malaria, unakwenda zahanati, unapewa vidonge vya siku tatu, unaambiwa maliza dozi. Ukimaliza, umemaliza. Ndivyo neno lilivyotufikia, na baba hakuona kwa nini libadilike kwa ajili ya shavu langu. Mama alisema "amemaliza dozi ya kwanza", yeye akasikia "amemaliza dozi". Kilichobaki kilikuwa kulisambaza. Wakija wageni baba anasema, "Mtoto kapona, kamaliza dozi." Mama anasema kutoka jikoni, "Ya kwanza." Baba anasema, "Sasa dozi ina ya kwanza na ya pili? Ungekuwa ugali tungesema sahani." Wanaume wanacheka. Sengi naye alipeleka habari sokoni, na Dokta Koleo alipozisikia alizichukua zikawa zake. Akatangaza kuwa mizizi yake inafanya kazi polepole, kwamba hospitali walimkuta mtoto amekwisha kupona wakamchoma maji tu ili wapate cha kuandika. Na watu wakaamini. Watu hawa hawa ambao ukiwauzia debe la mahindi wanalipima mara tatu.

Na mimi? Nilimuunga mkono baba. Nilisema tumbo langu limepona, shavu langu limepona, sitaki. Nywele zilianza kunidondoka, nikaamka siku moja nimeziacha kwenye mkeka, mama akanyoa zilizobaki kwa wembe. Hata hilo sikujali. Nilichotaka ni kutoliona beseni. Na siku moja asubuhi, ulimi wangu ulikwenda pale meno mawili yalipong'olewa ukakuta kitu. Kidogo, kigumu, laini juu yake. Jana yake hakikuwepo. Nilijua ni nini, msimsikilize mtu anayesema mtoto hajui. Nilijua, nikanyamaza. Nikajifunza kucheka mdomo umefungwa. Siku nne nilitembea na kile kitu mdomoni nikiomba Mungu asikione mtu yeyote, hasa mama.

Siku ya nne baba alichinja mbuzi. Eti shukrani. Akamwalika Dokta Koleo, akaja na koti, katika jua lile, akaketi kwenye kigoda cha baba mwenyewe. Wazee wa jirani wakazunguka sinia. Akala mpaka vidole viking'aa mafuta, halafu akaniita. "Binti, njoo waonyeshe wazee kazi yangu." Nikasogea. Akanishika kidevu akakiinua, akanifumbua mdomo kidogo kama mtu anayechungulia mfuko asiotaka kununua, akasema, "Safi kabisa! Mnaona?" Wazee wakasema wanaona.

Mama alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga. Kwetu mwanamke haingii kwenye sinia la wanaume, na mama hakuwahi kuingia. Siku hiyo aliingia.

"Dokta, umetazama au umesema tu?"

"Mama Milembe, macho yangu ni ya kazi. Yakipita yameona."

"Basi weka kidole."

"Nimeshanawa, mama, nakula."

Sengi akaruka. "Wifi, mgeni unamfanya nini? Aibu gani hii?" Mama hakumgeukia. Akamtazama baba. Hakupaza sauti. "Baba Milembe, basi weka wewe. Ni mtoto wako. Kama amemaliza, hutakuta kitu."

Baba akaangalia wazee, wazee wakaangalia nyama. Angekataa angeonekana mwoga, mbele ya watu aliokuwa akiwachekesha kwa habari ya dozi na ugali. Akanawa vidole kwenye kata. Nilibana meno. "Fungua," akasema. Nikabana. Mama akanishika taya kwa mkono wa unga, pale pale kwenye kona, likafunguka lenyewe. Kidole cha baba kikaingia, kikubwa, kina ladha ya chumvi, nami nikajaribu kukisukuma kwa ulimi kisifike nyuma. Kikafika.

Baba akabonyeza, akabonyeza tena. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "Hii ni karanga?"

"Kama ni karanga," mama akasema, "itoe."

Akajaribu. Mungu amsamehe, alijaribu kweli, akaichokoa kwa ukucha mpaka nikalia. Haikutoka. Ilikuwa yangu, imeota kwenye fizi yangu. Akatoa kidole akakitazama. Sengi ndiye aliyesema, safari hii kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake, "Lakini si alimaliza dozi?"

"Ya kwanza," mama akasema. "Nimewaambia mara ngapi?" Akatoa kadi kifuani, akaiweka juu ya sinia pembeni ya mifupa. Mistari minne ndiyo iliyokuwa haijafutwa.

Dokta Koleo akajikohoza. "Hilo litakuwa jino jipya. Meno ya watoto huwa yanaota..." Baba hakumtazama. Alisema, "Maliza nyama uende." Akainuka kwenda kutafuta pampu ya baiskeli. Hayo ndiyo maneno yote ya toba niliyowahi kuyasikia kwa baba yangu, na hata hayo hakuambiwa mama.

Stesheni ya Mpanda wanawake waliniona na upara wangu, mama amejifunga khanga nyeusi kwa bahati mbaya, wakaja mmoja mmoja kumpa pole ya msiba, maana kwetu anayenyolewa hivyo amefiwa. Mmoja akaanza hata kulia. Mama akachoka. "Amekufa nani? Mtoto si huyu anakula muwa?" Yule mwanamke akajifuta macho akasema basi pole ya safari.

Hatukurudi Litapunga mpaka sindano zote sita zilipoisha. Kitanda kilichotazamana na changu kilikuwa na mtoto mwingine. Eliza alirudishwa nikiwa kwenye ya tatu, amebebwa, shavu limefumba jicho na tumbo limejaa. Bibi yake hakusalimia mtu. Nesi hakumgombeza, alichukua beseni jipya akaliweka chini ya kitanda, akatafuta mshipa, akatafuta tena. Eliza hakumaliza wiki. Yule bibi alimpenda mjukuu wake kuliko mama yangu alivyojua kuonyesha kunipenda, na alimuua kwa kumwonea huruma. Nimesema na sifuti. Wengine wataniambia nisimhukumu bibi aliyekwisha kufa, hakujua. Aliambiwa mlangoni, kwa Kiswahili, na mtu aliyemkimbilia. Kutojua ni kitu kingine.

Mama yangu alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo, mpaka akawa anashikwa mkono kwenda nje. Nilikuwa nimehamia Nsemulwa, huku mjini, nikamleta aishi na mimi. Siku moja nikimpa uji nilimwambia kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu, kwamba nilijua siku nne nzima na nikaficha. Nilitegemea atashtuka. Akameza uji wake. "Nami nilijua siku tatu," akasema. "Ulianza kutafunia upande mmoja. Nilikuwa nangoja baba yako apate wageni. Tungekuwa wawili ndani angekataa."

Sasa kuna lami mpaka Tabora, kuna hospitali zilizokuwa hazipo, kila mtu ana simu. Na upumbavu umepata chaji. Juzi mama mmoja kijana hapa mtaani, mtoto wake yuko kwenye sindano hizo hizo, alinionyesha kwenye simu mtu aliyevaa koti jeupe anauza juisi ya majani ya sijui nini, eti ukinywa huna haja ya kurudi hospitali. Nikamuuliza, umebakiza dozi ngapi? Akasema bibi, mtoto mbona amechangamka? Nilimtukana, sitaandika nilivyomtukana, halafu nikavaa viatu nikaenda naye mpaka kituo cha basi nikasimama pale mpaka liondoke naye. Angalau Dokta Koleo ilibidi mumfuate sokoni. Huyu wa sasa analala nanyi kitandani, chini ya mto.

Kwangu jioni tunakula pamoja, wajukuu na mimi, sinia moja, na simu zikae ndani. Sizungumzi sana nikila. Nawatazama midomoni, mmoja mmoja, kushoto na kulia, mpaka tonge la mwisho. Wajukuu wananong'ona kwamba bibi ni bahili, anahesabu nani kachukua nyama. Wawe wanadhani hivyo.